Muziki wa Okestra wa Mseto ni Upi?

Ni muziki ambao mtunzi wa zama hizi huandikia okestra kamili, yaani fidla, chelo, tarumbeta, ngoma na wenzake, huku akichota ala, sauti au kanuni kutoka mapokeo mengine ya muziki. Mara nyingi utungo wenyewe hujengwa juu ya tukio la kihistoria. Kwa maoni yangu, kupandisha ala ngeni jukwaani hakutoshi kuuita mseto. Kama fidla zinaendelea na shughuli zao na ala hiyo inapita tu kama pambo, hapo hakuna kilichochanganyika.

Ugumu huanzia kwenye sauti zenyewe. Okestra ya Kizungu huigawa oktava, yaani umbali wa kutoka noti moja hadi noti hiyohiyo ya juu yake, kwa nusu toni 12. Udi na kanuni, ala za nyuzi za Kiarabu, zina sauti nyingine zinazokaa katikati ya hizo, na gamelan za Indonesia, seti za gongo na ala nyingine za kugonga, hazilingani hata zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa kila seti hutengenezwa kwa mpangilio wake wa sauti. Sasa nani amfuate nani? Mpiga fidla anaweza kusogeza kidole kidogo akaipata sauti inayotakiwa. Mpiga piano hana ujanja huo. Halafu kuna suala la mwendo: mpuliza filimbi aliyezoea kuivuta noti kadiri pumzi inavyomruhusu hana haja na mtu wa kumhesabia mapigo.

Toru Takemitsu wa Japani alilikabili tatizo hili kwa namna ya pekee. Mwaka 1967 okestra ya New York Philharmonic ilipiga utungo wake, "November Steps", wenye biwa, ala ya nyuzi, na shakuhachi, filimbi ya mwanzi, ala mbili za jadi za Kijapani. Hakujaribu kuzipatanisha na okestra. Kwa sehemu kubwa hupokezana, na kuelekea mwisho okestra hunyamaza kwa muda mrefu ikiwaachia wapigaji wale wawili ukumbi mzima. Tofauti ndiyo iliyokuwa hoja yake.

Historia nayo huweza kuingia kama kitu cha kushikika. Mwaka 1978, katika jimbo la Hubei, China, wachimbaji walifukua kaburi la mtawala Yi wa Zeng, aliyezikwa takriban mwaka 433 KK. Humo mlikuwa na kengele 65 za shaba. Kengele ya seti hiyo hutoa sauti mbili: ukiigonga katikati inatoa moja, ukiigonga pembeni inatoa nyingine. Mtunzi wa China Tan Dun alizitumia kengele hizo pamoja na chelo, kwaya ya watoto na okestra katika simfoni yake, yaani utungo mrefu wa okestra, ya mwaka 1997, Uingereza ilipoirudisha Hong Kong kwa China.

Wakati mwingine hakuna ala ngeni hata moja. Simfoni ya tatu ya Henryk Górecki wa Poland, ya mwaka 1976, inaunganisha ombolezo la kanisani la karne ya 15, wimbo wa kijijini wa mama anayemtafuta mwanawe, na maneno ambayo msichana wa miaka 18 aliyakwangua ukutani akiwa mahabusu wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, katika mji wa Zakopane, akimsihi mama asilie. Besi, zile fidla kubwa za sauti nzito, huanza chini kabisa, karibu hazisikiki, kisha fidla nyingine hujiunga tabaka kwa tabaka kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Rekodi moja ya simfoni hiyo, iliyotoka mwaka 1992, iliuza zaidi ya nakala milioni moja, jambo la nadra mno kwa mtunzi wa okestra aliyekuwa bado hai.