Kupanda Farasi Kunachoma Kalori Ngapi? Maswali na Majibu

Farasi ndiye anayekwenda. Mimi niliyeketi mgongoni nachoma nini?

Unachoma, na pengine kuliko unavyodhani. Mgongo wa farasi hautulii. Kila hatua yake inazisukuma nyonga zako mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, na ili usidondoke, misuli ya tumbo, mgongo, nyonga na mapaja ya ndani inakaza na kulegea bila kukoma. Farasi akiingia mchakamchaka, kazi inaongezeka. Mpandaji aliyefundishwa huinuka kwenye tandiko na kuketi tena kwa kufuata mdundo wa hatua, takriban mara 75 kwa dakika moja. Farasi humsaidia kwa kumrusha juu kidogo, lakini kuzuia mwili usianguke kwa kishindo kwenye tandiko ni kazi ya mapaja yake mwenyewe.

Kalori tunazozungumzia hapa ni zilezile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, ambazo kitaalamu huitwa kilokalori.

Makadirio yanafanywaje?

Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo kinachoitwa MET. MET 1 ni nishati inayotumika mtu akiwa ameketi kimya, na imekubaliwa kuwa mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Ukiigeuza kuwa kalori, unapata karibu kalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi: zidisha MET ya shughuli kwa uzito wako wa kilo, kisha zidisha kwa muda wa saa.

MET za shughuli mbalimbali zimekusanywa kwenye orodha ambayo watafiti wa nchi nyingi huitumia. Ilichapishwa kwanza mwaka 1993 na imehuishwa mara kadhaa tangu hapo. Katika toleo la 2011, farasi akitembea mpandaji anatumia MET 3.8, akienda mchakamchaka 5.8, akipiga mbio au shoti 7.3, na akiruka vizuizi 9.0. Kuna pia namba ya jumla, 5.5, kwa yeyote anayesema tu kwamba alipanda farasi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoharibu hesabu za watu wengi, na hapo chini utaona kwa nini.

Nina kilo 70 na somo langu ni la saa nzima. Nichukue namba gani?

Usichukue namba moja. Ukitumia ile ya jumla utapata 5.5 mara 70, yaani kalori 385, na vikokotoo vingi vya mtandaoni hufanya hivyo hivyo. Lakini fikiria saa hiyo inavyokwenda kweli. Tuseme dakika 15 farasi alitembea, ukipasha mwili mwanzoni na kumtuliza mwishoni. Dakika 20 mlikwenda mchakamchaka. Dakika 5 mlipiga mbio. Dakika 20 zilizobaki farasi alisimama huku ukimsikiliza mwalimu, ukirekebisha vikuku vya kukanyagia, au ukisubiri zamu yako.

Sasa hesabu kila mwendo peke yake. Robo saa ya kutembea ni 3.8 mara 70 mara 0.25, kama kalori 67. Mchakamchaka wa dakika 20 ni kama 135. Mbio za dakika 5 ni kama 43. Muda wa kusimama ninauhesabu kwa MET 1.5, kwa sababu mtu aliyeketi wima juu ya farasi aliyetulia hafanyi kazi kubwa kuliko aliyeketi mahali pengine, na hapo unapata 35. Jumla ni kalori 280.

Tofauti ya 385 na 280 ni zaidi ya kalori 100 kwa saa moja, na haikutokana na kanuni wala na mwili wako. Imetokana na dakika. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka makadirio ya kuaminika ni huu: acha kuuliza ulikaa muda gani kwenye tandiko, uliza ulikwenda mwendo gani kwa dakika ngapi. Kumbukumbu yako ya mara baada ya kushuka inatosha. Somo la kikundi, ambapo wanafunzi wanapokezana, lina kusimama kwingi kuliko somo la mtu mmoja, na safari ya matembezi porini mara nyingi ni mwendo wa kutembea karibu muda wote.

Nimesikia kwamba sehemu ya kalori hizo ningezichoma hata kama ningebaki nyumbani. Ni kweli?

Ni kweli. Namba ya MET inajumuisha nishati ya kuwa hai tu: moyo kupiga, mapafu kupumua, mwili kutunza joto. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama kalori 70 kwa saa. Ukitaka kujua farasi amekuongezea nini, toa MET 1 kabla ya kuzidisha. Ile 280 inakuwa 210. Kama unalinganisha mazoezi na chakula ulichokula, tumia namba hii ndogo.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Ile mililita 3.5 ni kiwango cha makubaliano. Watu wengi, hasa wazee na wenye mafuta mengi mwilini, hutumia oksijeni pungufu wakiwa wamepumzika, kwa hiyo kanuni hii huwapa kalori nyingi kuliko halisi. Ndiyo maana ni busara kuandika matokeo kama masafa, mfano kati ya 180 na 230, badala ya kujidai na namba moja kamili.

Kupiga brashi na kusafisha banda nako kunahesabika?

Kunahesabika sana, na nasikitika kwamba wengi hukuacha nje. Kumsafisha farasi, kumtandika na kumvua tandiko ni MET 4.5. Kulisha, kunywesha na kuzoa samadi ni 4.3. Linganisha na 3.8 ya kupanda farasi anayetembea: anayemsugua farasi anafanya kazi kubwa kuliko aliyempanda kwa mwendo wa polepole! Ukitumia nusu saa kumwandaa na nusu saa nyingine bandani, kwa kilo 70 umeshatumia kama kalori 308, zaidi ya lile somo zima tulilolikokotoa. Unasimama kwa miguu yako, unainama, unabeba ndoo, unasukuma toroli, na hakuna anayekubeba.

Saa yangu ya mkononi ya kupima mazoezi inasema nimechoma 600. Niamini ipi?

Kwa mchezo huu, usiiamini sana. Saa hizo hupima mtikisiko, na juu ya farasi mtikisiko mwingi si wako. Inaweza kukuhesabia maelfu ya hatua ambazo ni za farasi. Nyingine husoma mapigo ya moyo kwa mwanga kwenye kifundo cha mkono, na mkono unaoshika hatamu hukunja kifundo na kukaza misuli kiasi cha kuvuruga usomaji.

Hata mapigo yakisomwa sawasawa, bado yanaweza kupotosha. Kukimbia huongeza mapigo kwa sababu misuli inadai oksijeni. Juu ya farasi mapigo hupanda pia kwa hofu, kwa msisimko, na kwa kukaza misuli bila kuisogeza. Mwanafunzi mpya anayeogopa kuanguka anaweza kuwa na mapigo ya mkimbiaji ilhali hatumii oksijeni ya mkimbiaji, na saa ikageuza woga wake kuwa kalori. Ukipenda kuitumia, ichague hali ya kupanda farasi kama ipo, kisha ilinganishe na hesabu yako ya dakika. Zikipishana mbali, shika hesabu ya dakika.

Mwanafunzi na mzoefu, nani anachoma zaidi?

Kwa mwendo uleule, mwanafunzi mara nyingi anajikaza mahali pasipohitaji kukazwa na anachoka mapema. Ila mzoefu anaweza kudumu kwenye mchakamchaka, mbio na vizuizi kwa muda mrefu, na kwa jumla ya somo huwa anamzidi.

Nataka kupunguza uzito. Kupanda farasi kutatosha?

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Kwa kalori 210 za ziada kila somo, unahitaji masomo 36 au 37 kufikia hapo, na hiyo ni kama hukuongeza chakula. Kwa hiyo peke yake, mara moja kwa wiki, hapana. Mabadiliko makubwa ya uzito hutokea mezani.

Lakini kwa afya ya moyo na misuli, thamani yake ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kuanzia MET 3 hadi chini ya 6 ni wastani, na kuanzia 6 ni makali. Maana yake kutembea na mchakamchaka, pamoja na kazi za bandani, vinaingia kwenye wastani, na mbio zinaingia kwenye makali. Kipimo rahisi bila kifaa: kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani.

Nani azungumze na daktari kwanza?

Mwenye maumivu ya mgongo au matatizo ya diski za uti wa mgongo, mwenye mifupa dhaifu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo, na mjamzito. Kwa wengi wao, hatari kubwa zaidi ni kuanguka, na kofia ngumu ya kupandia hulinda kichwa tu.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini ana sababu ya pekee ya kujua makadirio haya. Somo pamoja na kazi za bandani vinaweza kuwa saa mbili za kazi ya mwili, na sukari inaweza kushuka wakati huo au saa kadhaa baadaye. Apime kabla ya kupanda, awe na kitu kitamu mfukoni na si kwenye begi lililoachwa bandani, na mwalimu wake ajue dalili: jasho jingi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Akizihisi, amsimamishe farasi na kushuka mara moja, kisha ale.