Kosa la Kalamu Halifuti Shtaka la Mwendokasi

Wiki hii mteja mwingine aliitandaza karatasi ya faini mezani kwangu na kuweka kidole chini ya neno "bluu". Gari lake ni la kijani. Alikuwa na hakika kwamba kesi imekwisha kabla ya kuanza, kwa kuwa alikwisha kuambiwa kwamba karatasi yenye kosa ni batili. Nimeisikia imani hii mara nyingi mno, na inaniuma kwa sababu huwapotezea watu kesi ambazo wangeweza kushinda kwa hoja nyingine.

Hakimu anayeoneshwa kosa katika hati ya mashtaka hujiuliza kama kosa hilo limempotosha mshtakiwa asijue anatuhumiwa nini, au limemnyima nafasi ya kujitetea. Ikiwa unajua siku, mahali, gari na mwendo unaodaiwa, rangi iliyokosewa haijakupotosha. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza humruhusu hakimu kuamuru hati irekebishwe kesi ikiendelea. Uingereza kwenyewe, kifungu cha 123 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1980 kinazuia pingamizi la namna hiyo, na mshtakiwa aliyepotoshwa kweli na tofauti kati ya hati na ushahidi hupewa, akiomba, ahirisho la kesi.

Hata hivyo, kosa la kalamu lina thamani yake, na hapa ndipo washtakiwa wengi wanapolitupa. Karatasi ile iliandikwa na mtu atakayekula kiapo kwamba aliliona gari lako na akalipima. Kama aliandika rangi isiyo yake, hilo ni jambo la kumuuliza wakati wa maswali ya dodoso, yaani pale utetezi unapomhoji shahidi wa upande wa mashtaka: alisimama wapi, aliandika saa ngapi, magari mangapi yalikuwa yakipita, lililopimwa lilikuwa la rangi gani? Ukilitoa mapema kama pingamizi, mwendesha mashtaka ataomba marekebisho, hakimu atayakubali, na shahidi atapanda kizimbani akiwa amekwisha kukumbushwa rangi. Kosa lile lile, likiletwa kama pingamizi, hufa kwa dakika mbili. Likiletwa kama swali kuhusu kumbukumbu ya shahidi, linaweza kubeba utetezi mzima.

Vivyo hivyo kwa tochi ya kupimia mwendo. Madereva hupenda kulalamika kwamba askari aliielekeza kwa pembe, bila kujua kwamba askari akiwa amesimama, pembe hiyo hupunguza kipimo: gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa, likipimwa kwa pembe ya digrii 20, litaonesha takriban 94. Hoja hiyo inamsaidia aliyekushtaki. La kuuliza ni tochi ilipima gari lipi. Mwali wa rada wenye upana wa digrii 12 hutanuka kufikia takriban mita 63 ukifika umbali wa mita 300, ilhali mwali wa leza, kwa umbali huo huo, kwa kawaida hauzidi mita 1 kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ulizia aina ya kifaa, na uombe cheti cha ukaguzi wake.

Mengine ni mafupi. Mahali pengi kulipa faini huhesabiwa kuwa ni kukiri kosa, basi usilipe kwanza ndipo uulize. Siku ya mwisho ya kupinga imeandikwa kwenye karatasi, isikupite.

Vitabu husema kwamba upande wa mashtaka ndio wenye wajibu wa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya msingi. Ndivyo ilivyo, lakini mimi nina mashaka kama mizani hiyo hushikwa sawasawa pale kiapo cha askari mmoja kinapokabiliana na kiapo cha dereva mmoja. Nimewaona washtakiwa waliojibu vizuri wakitiwa hatiani, na zipo kesi ambazo hadi leo sina hakika kama nilifanya vema kuwashauri wenyewe wapambane.

Nilimuuliza yule mteja ni magari gani yaliyokuwa karibu naye wakati ule. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kuna moja lililompita kwa kasi muda mfupi kabla hajasimamishwa, nalo lilikuwa la bluu. Hakuwa amewahi kulitaja kwa mtu yeyote. Nimemwomba achore kwa mkono wake njia zote mbili za barabara, mahali aliposimama askari, na mahali yalipokuwa magari yote mawili, kabla kumbukumbu haijafifia.