Kabla hujanunua mashine ya betri, piga hesabu ya saa-wati

Ingia duka la vifaa Kariakoo, uliza mashine ya betri iliyo kali. Muuzaji atakushushia maboksi matatu na kukusomea namba: hii volti 21, hii 48, hii hapa ndiyo kiboko, 88. Bei inapanda kufuata namba. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mashine hizi zikishakufa, kwa hiyo nazijua kwa ndani zaidi ya ninavyozijua kwa nje, na anayekuja kuniuliza anunue nini kwa ajili ya gereji ya nyumbani huwa namwambia aachane na hiyo namba kubwa. Aulize saa-wati za betri, yaani kiasi cha umeme ilichobeba. Kwa kipimo hicho kimoja utachagua mashine, utachagua taa, na utajua kipi usinunue kabisa.

Tufungue betri moja tuone. Skrubu nne au tano kwa chini, nyingi zina kichwa cha nyota. Ukiinua kifuniko unakuta seli za lithiamu za duara, kwa kawaida zile ziitwazo 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Kila seli ina volti 3.6. Tano zikiunganishwa kwa mfululizo zinatoa 18. Zikichajiwa mpaka juu kila moja inafika 4.2, na tano zinakuwa 21. Kwa hiyo 18, 20 na 21 ni betri ileile iliyopimwa kwa nyakati tofauti. DeWalt, kwa mfano, Marekani wanaandika 20V Max, Ulaya wanaandika 18V, na ni kitu kimoja. Ili upate volti 48 za kweli unahitaji seli kama 13 kwenye mfululizo. Zile zilizoandikwa 48, 88 au hata 128 ambazo nimezifungua zilikuwa na seli tano, au kumi zilizopangwa mbilimbili, ambazo nazo ni 18 tu. Hiyo "88VF" ni pambo la boksi tu.

Sasa saa-wati. Zidisha volti 18 kwa ampia-saa zilizoandikwa kwenye betri. Ya ampia-saa 2 ina saa-wati 36. Ya 4 ina 72. Ya 5 ina 90. Betri nyingi za kampuni zinazojiheshimu zina namba hiyo kwenye lebo, herufi ndogo, imeandikwa Wh. Kama haipo, au kama haikubaliani na hesabu yako, tayari umeshaanza kumjua aliyeitengeneza.

Na ampia-saa nazo zinadanganywa. Seli ya 18650 iliyo bora kabisa sokoni haizidi sana miliampia-saa 3,500. Ukiona seli imeandikwa 9,900, au betri ya seli tano nyembamba inajiita ampia-saa 6, rudisha mezani. Njia ya kuhakikisha bila kufungua ni mizani. Seli moja ya kweli ina gramu 45 mpaka 50. Betri ya ampia-saa 5, hata ikitumia zile seli nene za kisasa za 21700, ukijumlisha plastiki na bodi ya ndani haiwezi kuwa chini ya gramu 400. Nyingi zinakaribia au kupita 600. Muazime muuza nafaka wa jirani mizani yake. Watakucheka, lakini utaondoka na betri.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ni kwamba betri kubwa haidumu muda mrefu tu, inaipa mashine nguvu zaidi pia. Chukua impakti, ile mashine ya kufungulia nati. Tuseme inavuta wati 500 inapohangaika na nati iliyoshika. Wati 500 gawa kwa volti 18 ni kama ampia 28. Kwenye betri ya seli tano, kila seli inabeba ampia 28 zote. Seli ya kawaida inapata moto, volti zinaporomoka, mashine inalegea. Kwenye betri ya seli kumi zilizopangwa mbilimbili, kila seli inabeba 14. Mashine ileile, mkono uleule, nati inafunguka. Nimeletewa impakti nyingi zikiwa na malalamiko kwamba "imechoka", nikaweka betri ya seli kumi na nikamrudishia mwenyewe bila kugusa mota.

Twende kwenye kununua. Nitashangaza baadhi yenu: kitu cha kwanza kwa gereji ya nyumbani ni taa. Mtu mwenye gari moja nyumbani, akiwa na boksi spana, jeki na stendi zake, kazi nyingi atazifanya kwa mkono hata kama polepole. Asichoweza ni kufanya kazi asiyoiona, na kazi ya nyumbani hufanyika jioni, baada ya kutoka kazini, mara nyingi umeme ukiwa umeshaondoka.

Na hapa hesabu yetu inafanya kazi vizuri kuliko popote. Taa nzuri ya LED inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 100 kwa kila wati. Lumeni 1,000 ni wati 10. Betri ya saa-wati 90 itaiwasha taa hiyo kwa muda wa saa tisa hivi. Sasa geuza: tochi yenye seli moja ya 18650 iliyoandikwa lumeni 20,000 ingehitaji wati 200, na seli hiyo ina saa-wati tisa hivi. Ingezima kabla hujamaliza kufungua boneti, kama isingeungua kwanza. Ukweli ni kwamba inatoa mia kadhaa, na mia kadhaa zinatosha kwa kazi nyingi ukiziweka mahali pake.

Mahali pake ndiyo siri. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: taa iliyo nusu mita kutoka kwenye kalipa ya breki inaangaza mara nne zaidi ya ikiwa mita moja. Kwa hiyo usitupe hela kwenye taa kubwa ya kuning'iniza darini halafu kichwa chako mwenyewe kikaweka kivuli juu ya kazi. Tafuta ya lumeni 300 hadi 500, ndefu na nyembamba, mwanga wake uwe umetawanyika badala ya kuwa nukta moja inayochoma macho. Iwe na sumaku yenye nguvu kitakoni, kulabu ya kutundikia chini ya boneti, na shingo inayopinda. Ongeza taa ya kichwani, ambayo huhitaji ya bei mbaya, na sehemu kubwa ya kazi imekamilika. Taa kubwa inayokaa kwenye betri ya mashine zako inafuata baadaye, na hiyo umeme ukikatika itawahudumia na watu wa sebuleni.

Angalia rangi pia. Kuna kipimo kinaitwa CRI, kinachosema taa inaonyesha rangi kwa uaminifu kiasi gani. Jua ni 100, LED za bei ya chini huwa 70 na kitu. Kwa gereji tafuta 90. Sio anasa: chini ya gari unahitaji kutofautisha oili ya gia otomatiki ambayo ni nyekundu na oili ya injini iliyokuwa kahawia, na kwenye nyaya unahitaji kujua upi mwekundu na upi wa machungwa. Kama boksi halisemi chochote, washa taa dukani uimulike jezi ya Simba. Nyekundu ikigeuka kahawia ya matope, hiyo taa haifai (Yanga wataona ni sawa tu, lakini mimi naongelea taa). Halafu ielekeze kwenye kamera ya simu. Ukiona mistari inapita kwenye skrini, taa inawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, na taa ya namna hiyo inaweza kukufanya uone feni ya injini kama imesimama kumbe inazunguka.

Zile taa za zamani za balbu na waya mrefu wa umeme wa ukutani ziache. Balbu ya moto ikivunjika karibu na petroli, au waya uliochubuka chini ya gari lililolowa, hayo ni maafa ya bure siku hizi. Na kwa habari ya petroli, mashine za betri nazo zina cheche, za kaboni na za swichi. Ukiwa unashusha tangi la mafuta, tumia spana za mkono.

Baada ya taa, impakti ya nusu inchi. Hapa nako kuna namba za kutishana, za nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha: 1,000, 1,500. Magari mengi madogo ya Toyota, nati zake za tairi hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Zikishika kutu unaweza kuhitaji mara mbili au tatu ya hapo kuzifungua. Mashine ya 300 hadi 400 za kweli inakutosha kwa tairi na bolti nyingi za chini. Nati ya ekseli ya mbele hukazwa kwa zaidi ya 200, na kwenye gari la miaka 20 hiyo ndiyo itakayokushawishi kununua kubwa zaidi. Kwa mara moja kwa mwaka, mimi ningeazima bomba refu la kuongezea mkono wa spana. Kampuni zingine huandika nguvu ya kufungulia, ambayo siku zote ni kubwa, zingine nguvu ya kukazia. Linganisha ya kukazia kwa ya kukazia.

Impakti haili betri nyingi. Hata tukikadiria wati 500 kwa sekunde tano kila nati, nati 20 za gari zima ni saa-wati 14. Inachohitaji ni betri inayoweza kutoa nguvu kwa ghafla, ndiyo maana nasisitiza seli kumi. Nunua boksi spana nyeusi zilizotengenezwa kwa impakti. Zile za kung'aa zinaweza kupasuka na kipande kikakurukia usoni. Anza nati kwa vidole, na umalizie kwa spana ya torki, ile inayopima mkazo. Kumaliza kwa impakti ndiko kunakowaletea watu diski zinazotetema na bolti zilizokatika.

Drili inafuata. Isiyo na kaboni, yaani mota yake haina zile brashi za kaboni zinazokwisha, inakula betri kidogo na haipati moto haraka. Kwa mtu wa nyumbani tofauti ya bei inalipa kama utaitumia miaka. Kama ni kutundika rafu mbili, ya kaboni inatosha, na kaboni zake zinapatikana mtaa wa Gerezani, Kariakoo, kwa bei ya soda. Kwa zege lenyewe, lile la nguzo na lenta, drili ya kawaida hata ikiwa na nyundo itakuchosha. Unahitaji mashine ya SDS, ile drili nzito inayogonga zege, na hiyo bora uazime.

Grenda ndiyo ninayowakatisha watu tamaa. Grenda ndogo ikifanya kazi ya kweli inavuta wati 700. Gawa saa-wati 90 kwa 700: dakika zisizofika nane. Kama nyumbani una soketi, nunua ya waya, ni rahisi zaidi na haisimami katikati ya chuma. Hela uliyookoa iongezee betri ya pili.

Kuhusu kampuni, chagua familia moja ya betri ukae nayo. Makita, DeWalt, Bosch, Milwaukee ukiwa na mfuko. Ingco na Total zimejaa madukani kwetu, na faida yao kubwa ni kwamba betri na chaja utazipata kesho ukizihitaji. Mashine nyingi zisizo na jina zimeiga mdomo wa betri wa Makita ya volti 18, kwa hiyo zinaingiliana. Kuingia si kufaa, lakini. Na vile viunganishi vya kuvalisha betri ya kampuni hii kwenye mashine ya kampuni ile viangalie kwa jicho kali: kwenye baadhi ya mifumo kinachozuia betri isinyonywe mpaka chini kipo kwenye mashine, hakipo kwenye betri. Ukiweka taa ya bei poa kupitia kiunganishi ukasinzia, asubuhi utakuta seli ziko chini ya volti 2.5, na chaja haitazikubali tena. Betri za namna hiyo ndizo zinazonilipia kodi ya fremu.

Utunzaji hauna mengi. Usiiache kwenye gari lililopaki juani, usichaji ikiwa ingali ya moto, na kama hutaitumia miezi kadhaa iweke nusu. Chaji juu ya sakafu ya simenti, mahali unapopaona, usichaji kitandani. Walio karibu na bahari wafute vichwa vya shaba kwa kitambaa kikavu. Chumvi ya hewani inavila taratibu.

La mwisho ni kwa wenye shemeji na binamu nje. Mashine tupu ya Makita ya volti 18 iliyotumika Japani inakubali betri ya hapa bila shida, lakini chaja yake ni ya volti 100, na ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu utasikia mlio mmoja. Mwambie alete mashine, chaja nunua hapa. Ya Uingereza au Dubai haina tatizo hilo, na plagi ni ileile ya pini tatu. Betri za akiba abebe mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege ni saa-wati 100: ya ampia-saa 5 ina 90, inapita. Ya ampia-saa 6 ina 108.