Klachi ya mafuta ikilegea, anzia kwenye kikopo

Mwezi uliopita kijana mmoja alitufikia karakanani akisukuma pikipiki yake kubwa kutoka Buguruni. Alikuwa ameshanunua seti nzima ya pleti za klachi, zikafungwa, na bado gia ya kwanza iliingia kwa kishindo huku pikipiki ikivuta mbele hata akiubana mkono wa klachi mpaka mwisho. Nikafungua kikopo cha mafuta kwenye usukani. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, yameshuka chini ya alama. Pleti za zamani alikuja nazo kwenye rambo, na zilikuwa nzima. Pesa yake imekwenda bure, na iliniuma.

Bodaboda nyingi za hapa Dar es Salaam zina klachi ya waya. Waya ukilegea unakaza nati, kazi imeisha. Ninayoizungumzia ni klachi ya mafuta, iliyopo kwenye baadhi ya pikipiki kubwa. Utaitambua kwa kikopo kilichokaa kushoto mwa usukani, mfano wa kile cha breki kilichopo kulia. Ukibana mkono, pampu ya juu inasukuma mafuta kwenye bomba, nayo yanasukuma pistoni ya pampu ya chini pembeni mwa injini, na pleti zinaachana. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Kiputo kikiingia humo, nguvu yako inaishia kukibonyeza hicho, na pleti zinabaki zimegusana.

Ukiona mkono ni laini, lakini ukiupampu mara tano sita unakuwa mgumu, kuna upepo. Ukiubana ukaushikilia, nao ukawa unazama taratibu bila mafuta kuonekana nje, sili ya pampu ya juu, yaani mpira unaozuia mafuta kupita, imechoka. Kutoa upepo hakutakusaidia. Klachi ikipotea kwenye foleni ya Mbagala mchana, kisha ikarudi injini ikipoa, mafuta yameshanyonya maji. Injini ikinguruma na pikipiki isiende, hiyo ni shida nyingine: pleti zinateleza.

Kinachowapotosha wengi ni kimo cha mafuta. Kwenye breki, pedi zikilika, mafuta ya kikoponi hushuka. Kwenye klachi ni kinyume: pleti zikilika, pistoni hurudishwa nyuma na mafuta hupanda. Kwa hiyo mafuta ya klachi yakipungua, yamevuja mahali. Usijaze tu ukaondoka. Fungua kava la sproketi ya mbele, maana kwenye pikipiki nyingi pampu ya chini imekaa hapo, ikila matope na grisi ya cheni. Pitisha kidole chini yake. Kikitoka na majimaji yasiyo grisi, sili ya pale imekufa.

Kabla ya kwenda Kariakoo kununua, soma maandishi ya juu ya kifuniko. Pikipiki nyingi hutaka DOT 4, ambayo ni mafuta yaleyale ya breki. Nyingine, hasa zenye klachi ya kampuni ya Magura, hutumia mafuta ya madini. Usichanganye hata tone: aina isiyo yake huvimbisha sili na kuziharibu. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 230, lakini ikishanyonya maji hushuka hadi karibu 155, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Badilisha kila baada ya miaka 2, na usitumie chupa iliyokaa wazi.

Sasa kazi yenyewe ya kubadilisha mafuta na kutoa upepo. Funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu DOT 4 hubabua rangi. Ikidondoka mwaga maji palepale. Vaa miwani. Geuza usukani kikopo kikae sawa, fungua kifuniko, nyonya mafuta machafu kwa bomba la sindano na ujaze mapya. Chomeka mpira mwembamba mweupe, mfano wa ule wa dripu, kwenye niplo ya pampu ya chini, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Bana mkono taratibu, ushikilie, fungua niplo robo mzunguko, mkono uende mpaka mwisho, funga niplo, ndipo uachie. Mpangilio huo usiuvunje: ukiachia mkono niplo ikiwa wazi, unavuta upepo upya. Angalia kikopo kila baada ya mara tatu au nne, kisikauke. Vile viputo vinavyopita kwenye mpira ukiviona, utaelewa pikipiki ilikuwa inalalamikia nini. Niplo ina tundu katikati, ni dhaifu. Ikaze kwa kiasi, isikatike.

Kiputo kimoja hupenda kujificha juu kabisa, pale bomba linapoungana na pampu ya usukani. Funga kifuniko, bana mkono, ufunge na raba ya tyubu, uache ulale hivyo usiku kucha. Asubuhi fungua raba taratibu na uupampu kidogokidogo, viputo vitapandia kikoponi. Kijana wa Buguruni tulimbadilishia sili ya chini kwanza, kisha tukafanya hivyo.

Ukimaliza usijaze kupita alama ya juu. Weka stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani, washa, bana klachi, ingiza gia ya kwanza na ukanyage breki: gurudumu lisimame na injini isizime.