Mfuko Mwepesi wa Kulalia kwa Safari za Baridi: Gramu za Kupunguza na za Kuacha

Wanaonijia kutaka ushauri kuhusu mfuko wa kulalia huanza, karibu wote, na swali la uzito. Mimi huwarudisha kwanza kwenye halijoto, kwa kuwa mfuko wa gramu 700 usiompa mtu usingizi ni mzigo mtupu.

Kipimo kinachoaminika ni cha kiwango cha ISO 23537, ambapo sanamu ya mtu inayopashwa joto hulazwa ndani ya mfuko katika chumba cha baridi. Matokeo yake ni namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe, inayokadiriwa kwa mwanamke aliyelala bila kujikunja. Ya pili ni ya kikomo, kwa mwanamume aliyejikunja. Na ya tatu inahusu kunusurika tu, wala isikushughulishe unaponunua. Tatizo ni kwamba namba inayoandikwa kwa maandishi makubwa mara nyingi ni ile ya kikomo, hivyo mfuko unaouzwa kuwa wa nyuzi -5 za Selsiasi huenda starehe yake ikaishia karibu na nyuzi 0. Chagua kwa namba ya starehe, na kama wewe ni mtu wa kuhisi baridi upesi, ongeza akiba ya nyuzi chache.

Kwa wepesi, hakuna kinachoyashinda manyoya laini ya bata na bata bukini. Ubora wake hutajwa kwa ujazo, yaani inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya manyoya yakishafutuka. Ya 800 hushika hewa nyingi kuliko ya 600 kwa uzito uleule. Hata hivyo namba hii haisemi ni manyoya kiasi gani yaliyomo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea: mfuko wenye gramu 500 za manyoya ya 650 una joto zaidi kuliko wenye gramu 250 za manyoya ya 850, umbo likiwa moja. Uliza uzito wa manyoya peke yake, kisha uulinganishe na uzito wa mfuko mzima.

Gramu zipunguzwe kwingine: zipu fupi, kitambaa chembamba, umbo linalobana kuelekea miguuni. Kofia na kola ya shingoni sizigusi kamwe. Usibane kupita kiasi vilevile, maana bega likisukuma kitambaa kwa ndani manyoya hulala na joto hutoroka. Epuka pia mishono inayopenya tabaka zote mbili za kitambaa, kwa sababu kila mstari wa mshono ni mahali pasipo na manyoya.

Manyoya yakilowa huporomoka. Penye mvua baridi isiyokatika, nyuzi za sintetiki zinastahili uzito wake wa ziada, kwani hubakiza sehemu ya joto zikiwa na unyevu. Penye baridi kavu ya chini ya sifuri adui ni mvuke wa mwili wenyewe, unaoganda ndani ya manyoya usiku baada ya usiku. Uanike mfuko kila jua linapotoka.

Na godoro je? Manyoya yaliyo chini ya mgongo hugandamizwa yakakosa kazi, hivyo joto la upande huo hutegemea godoro pekee. Kwa ardhi yenye theluji mimi hutaka thamani ya R, yaani kipimo cha jinsi godoro linavyozuia joto lisipotee, isiyopungua 5, hata ikinigharimu gramu 200 zaidi.