Bei ya picha sio mshahara jamani

Jana tena. Nimekaa barazani Langoni nasafisha brashi, mama mmoja kaja na kijana wake aliyemaliza kidato cha nne, kaitazama picha ya jahazi niliyoiegemeza ukutani akauliza, "Mwanangu, hii wauza ngapi?" Nikamwambia elfu arubaini. Akamgeukia mtoto na nikaiona hesabu ikimpita machoni: nne kwa mwezi, laki na sitini, kwani nani analipwa hivyo hapa Amu, yaani Lamu? Wiki iliyopita ilikuwa kinyume chake, baba mmoja kashinda kwenye simu akiangalia video za Marekani, akaja kunambia digrii ya sanaa ni kutupa pesa baharini. Wote wawili swali lao ni kama kusomea sanaa kunalipa, na wanakosea pahali pamoja, wanashika namba moja na kuacha nyingine, na mimi nimechoka kueleza mmoja mmoja, basi naandika mara moja, mkiniuliza tena nawatumia linki.

Ya video niimalize haraka. Kule kuna vyuo binafsi vya sanaa ambavyo ada peke yake inapita dola 50,000 kwa mwaka, mtu wa huko akilia haijamlipa, na alie. Na zile takwimu za mapato wanazoonyeshana, za College Scorecard ya serikali yao, zinahesabu waliosoma kwa msaada wa pesa za serikali kuu tu, aliyelipiwa na babake hayumo. Sasa deni la huko unamvisha mtoto wa Lamu mwenye mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, wa riba ya asilimia 4? Hapana bwana.

Turudi kwenye ile 40,000. Galeria inakata asilimia 40, nyingine nusu nzima, imebaki 24,000. Turubai na rangi naagiza Mombasa, 5,000. Fremu 3,000, manake mbao inavuka kwa boti kutoka Mokowe na kila aliyeishika anataka chake. Bando, kufunga, kusafirisha, 1,000. Nimebaki na 15,000 na picha imenila wiki tatu. Na hapo sijagusa zile picha tatu zilizolala ukutani tangu upepo wa kusi wa mwaka jana. Hili ndo linaloniudhi kuliko yote, watu wakija wanahesabu zilizouzwa, zisizouzwa hawazioni, wakati nazo zimekula rangi ileile na wiki zilezile, kwa hiyo zile zilizouzwa zinabeba mzigo wa wenzao, na ile 15,000 yenyewe ukiigawa vizuri inaweza kuwa 8,000. Mama nilimwambia hivyo akadhani nalia ili asiniombe punguzo.

Alafu msimu. Upepo wa kaskazi wageni wapo, Shela imejaa, Desemba mpaka Machi naweza kuuza sita. Kusi likiingia, mvua ya Aprili na Mei, hoteli nyingine zinafunga, mimi na paka tunaangaliana. Mkopo wa HELB haujui kusi! Unapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kisha ni kila mwezi, ukikwama faini ni 5,000 kwa mwezi. Deni lenyewe lingebebeka, shida linataka mwezi kwa mwezi na sisi tunalipwa kwa upepo. Siku hizi kaskazi naweka kando pesa za mkopo za miezi sita kabla sijanunua hata kikoi. Mwaka wa kwanza sikuweka, ujinga wangu, nikalipa faini.

Wastani nao usiniletee. Watu kumi barazani, tisa wamepata 20,000, mmoja kauzia hoteli kazi ya 800,000. Wastani wao 98,000, na hapo barazani hakuna hata mmoja aliyeshika 98,000. Sanaa iko hivyo kila pahali, wachache wanachota wengine wanalamba, kwa hiyo uliza aliye katikati ya foleni anapata ngapi.

Kwenye gharama, wazazi wanataja karo tu. Chumba Nairobi, chakula, rangi za miaka minne, hizo nazipita, mtaziona wenyewe. Isiyotajwa ni miaka minne ya kutofanya kazi. Mwaka nilioingia chuo binamu yangu aliingia karakana ya milango. Miaka miwili ya mwanzo alipiga msasa na kufagia, malipo yake chai na chakula cha mchana. Mwaka wa nne akawa anachonga nakshi za fremu na analipwa. Narudi na digrii, mwenzangu ana patasi zake na wateja wake, mimi nina deni na mafaili ya michoro. Imenichukua miaka sita kumfikia, na akipata mlango mmoja wa mbambakofi wa nyumba ya mzungu ananiacha tena.

Digrii ilinipa nini basi? Kuchora kwa vipimo, kuandika maombi ya ruzuku, kukaa na msanifu wa majengo tukaelewana. Lakini kazi yangu ya kwanza kubwa niliitiwa na niliyekaa naye hosteli. Hapo imenilipa digrii au kimenilipa kitanda cha hosteli? Nimejiuliza sana, na siku nyingine naona kama ningekaa Nairobi miaka minne nikiuza chai nje ya geti la chuo ningewajua walewale.

Na nyie wa "si atafundisha tu": digrii ya sanaa peke yake haikuandikishi TSC, tume ya walimu. Inatakiwa digrii ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundishia, ama baadaye uongeze diploma ya uzamili ya ualimu, yaani karo nyingine. Chagua kozi ukijua hilo. Sekondari ya juu sasa ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, huenda walimu wakatafutwa, ila mimi singekopa kwa huenda.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kijana muda wote anaigeuzageuza fremu anakagua pembe zake. Nikadhani watauliza chuo gani. Kijana akauliza, "Fremu hii mwalimu ulitoa elfu tatu?" Nikamwambia ndio. Akasema babu yake ana msumeno na mbao za jahazi kuukuu, yeye angenifanyia kwa 1,200. Nimemwambia aje Jumamosi na fremu tatu.