Mwenzenu wa timu kaambiwa haponi: maneno ya baraza na ukweli wake

Watu mliocheza timu moja chuoni halafu mkazeeka pamoja mna kasoro moja, mnadhani kila jambo linamalizika kwa kujazana. Mwenzenu kaoa mnajazana, kafiwa mnajazana, sasa ana saratani na madaktari washasema ya kuponya hakuna, basi mnajazana chumbani kwake watu kumi na mbili kila mtu na dafu lake mkononi, mgonjwa kageukia ukutani na mkewe hana hata pa kupita na beseni. Sisi tulicheza pamoja chuo cha ualimu cha Nkrumah pale Beit-el-Ras, Unguja, leo wengine wako Wete, wengine Dar, mmoja Maskati, na beki wetu wa kati ndo tunamuuguza sasa hivi. Maneno yanayosemwa barazani ni mengi na mengine yanamuumiza mgonjwa, nayaweka hapa na ukweli wake.

"Daktari kasema hakuna la kufanya tena." Sivo, alichosema ni kwamba hakuna la kumponya, na hayo mambo mawili yako mbali kabisa. Maumivu yanatibika, kichefuchefu kinatibika, kukosa choo, kukosa usingizi, pumzi kubana, hata ile hofu ya usiku, vyote vina watu wake na kazi yao inaitwa tiba shufaa, na haingojewi mpaka mtu awe kwenye pumzi za mwisho, inaanza hata mgonjwa akiwa bado yuko kwenye dawa nyengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 56.8 wanaihitaji kila mwaka na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu, kwa hiyo msikae mkingoja mfuatwe, ulizeni wenyewe hospitali.

Linalofuatana na hilo ni "tuchange aende India". Yakhe, mchango ni jambo zuri na timu ndo kazi yake, lakini kabla hamjafungua gurupu la Wasap la michango muulizeni daktari swali moja tu, safari hii ni ya nini? Mana iko safari ya kuponya, iko ya kupunguza maumivu, na iko ya kututuliza sisi tuonekane tumefanya kitu. Mtu anaweza kuvuka na boti kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kupigwa mionzi, saa nyengine mara moja tu, kwa ajili ya maumivu ya saratani iliyoingia kwenye mifupa, haponi lakini analala, na hiyo ni safari ya maana. Kumpakia ndege mtu asiyeweza kukaa kitako, akafie ugenini mbali na wanawe na nyumba ikabaki na deni, hilo mimi siliungi mkono na nimeshagombana na wenzangu kwa ajili yake.

Sasa morfini, dawa kali ya maumivu. Hapa ndo pana vita kubwa, na kwa Unguja naelewa kwa nini, sisi unga wa kulevya tumeuona ulivyomaliza vijana mitaani kwetu, na morfini na heroini asili yake mmea mmoja, kwa hiyo mtu akisikia morfini anasema mnamfanya teja, na mwengine anasema hiyo ndo ya kumalizia, akipewa hiyo jua siku zake zimekwisha. Ukweli ni kwamba mgonjwa anayepewa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo kilichopangwa, ni nadra kugeuka teja, na kipimo sahihi hakimuui, kinachomuua ni maradhi. Haipewi kwa sababu mtu anakufa, inapewa kwa sababu anaumwa, na wapo wanaoinywa miezi na wanakwenda msikitini. Uganda wanatumia hii ya kunywa, unga unaochanganywa na maji, tangu 1993, na bei yake si ya kutisha.

Kosa kubwa ni kungoja mpaka apige kelele ndo apewe. Ile ya kunywa inafanya kazi kiasi cha saa nne, kwa hiyo inakwenda kwa saa na si kwa kilio. Kwa mwenzetu golikipa ndo kashika daftari, daftari la skuli la kawaida, kaandika saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku, anavuta dawa kwa bomba lisilo na sindano, analinyanyua juu kwenye taa kuangalia mstari, anatia mdomoni pembeni, halafu anatia tiki. Mtu mkali kweli yule, hata mke wa mgonjwa haruhusiwi kuweka tiki. Na jengine watu hawaambiwi, morfini inafunga choo, kwa hiyo dawa ya choo inaanza siku ile ile, msingoje tumbo lijae. Usingizi siku za mwanzo upo halafu unapungua. Chupa inafungiwa, na kipimo hakiongezwi na mtu wa barazani.

"Hali chakula, ndo mana anadhoofu, mlazimisheni." Mwili unaojifunga hautaki chakula, na uji wa kulazimishwa unaweza kuingia njia ya hewa ukawa balaa jengine. Akitaka vijiko viwili vya mashendea mpe viwili, asipotaka rowesha pamba umpanguse midomo, hilo linamsaidia kuliko sahani nzima. Najua kwetu mapenzi yanapimwa kwa chakula, lakini yeye si mgeni wa harusi.

Kumgeuza na kumuogesha watu wanasema ni kazi ya mke na mabinti. Mke keshakesha wiki ngapi? Mtu asiyejigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi asitoke vidonda, na mwanamke mmoja hawezi kumnyanyua beki wa kati. Wanaume wawili na shuka iliyokunjwa chini yake wanamvuta bila kumkwaruza ngozi. Halafu muulizeni yeye, mana wapo wanaona haya kuogeshwa na binti yao lakini wenzao waliobadilisha jezi nao chumba kimoja hawaoni tabu. Na si lazima kila mtu ashike beseni, wetu wa Maskati analipa pampasi na umeme, na mwengine kazi yake gari tu.

Kelele za koo siku za mwisho zinatisha walio chumbani kuliko zinavyomtesa yeye, mlazeni ubavu. Na msimseme juu ya kichwa chake eti keshapotea, kusikia kunaweza kuwa bado kupo.

La mwisho ni hili la "msimtajie wasia, mtamvunja moyo". Mara nyingi mgonjwa anajua kuliko nyinyi, anayefichwa ni nani hapo? Mtume (SAW) kahimiza mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa, tena hiyo kwa mtu mzima asiyeumwa kitu. Usipite thuluthi ya mali na mrithi hausiwi, na madeni yanalipwa kwanza, kwa hiyo mpeni nafasi aseme. Wetu tulipomuuliza alishusha pumzi akaanza kuyataja moja moja, duka la pale kona, fundi wa paa, halafu akafika kwenye njumu alizozichukua kwa winga wetu tuko chuo na hakuzirudisha. Winga akasema nishasamehe zamani, yeye akakataa katakata, akamwita mwanawe alete hela, na winga kazipokea huku anamtukana.